Herufi Imekwenda Wapi?

Mzigo wa mpagazi wa Kinyamwezi, enzi za misafara, ulikuwa kiasi cha frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Uzito huo niliujua kwa mikono kabla sijausoma kitabuni. Mwaka 1995, nikiwa na miaka 15, niliifunga kompyuta mbovu kwenye keria ya baiskeli ya baba, kasha chini na kioo chenye kichogo juu yake, nikaikaza kwa mipira ya tyubu, nikaikokota kutoka stoo ya ofisi moja karibu na Boma hadi nyumbani Isevya, mjini Tabora. Sikuthubutu kupanda. Penye shimo nilisimama, nikakumbatia kioo kwa mkono mmoja, nikavusha gurudumu taratibu, kisha nikaendelea chini ya miembe.

Wazee waliokuwa wakicheza bao barazani waliacha kete zao wakanitazama.

"Shikamooni wazee."

"Marahaba, kijana. Hiyo televisheni umeipata wapi?"

"Si televisheni, babu. Ni kompyuta. Imekufa."

"Sasa maiti unaipeleka wapi?"

"Nyumbani. Nataka kujua imekufa na nini."

Walicheka kwa upendo, nami nikasonga mbele. Miaka 30 imepita tangu siku ile. Kompyuta ipo mezani kwangu hadi leo, na inawaka. Sura hii ni habari yake, na habari ya swali lililonifanya niikokote.

Kioo cha kijani

Mama alikuwa mhazili. Alisomea hapa hapa mjini, katika Chuo cha Uhazili Tabora, chuo kilichotoa makatibu mahsusi wa ofisi nyingi za serikali, na ambacho mwaka 2000 kiliingizwa katika Chuo cha Utumishi wa Umma Tanzania. Alijua hatimkato, na alipiga taipu bila kutazama vidole. Jioni, akisha kuosha vyombo, vidole vyake viliendelea kugonga ukingo wa meza kana kwamba barua ya mchana haijaisha.

Kwenye mashine ya taipu kosa ni jambo zito. Ukikosea herufi moja kwenye karatasi ya stensili, unaipaka dawa, unapuliza, unangoja ikauke, ndipo unapiga upya. Ukikosea mara tatu, ukurasa mzima unaanza mwanzo. Mama alinifundisha kuheshimu herufi kwa sababu alijua gharama ya kila moja.

Mwaka 1992 ofisini kwao ikaletwa kompyuta. Shule ilikuwa imefungwa, nami nilikuwa nimempelekea chakula cha mchana. Nilimkuta ameketi mbele ya kioo cheusi chenye maandishi ya kijani, mgongo umenyooka kama mtu aliyealikwa kwa mkubwa. Aliandika neno, akakosea, akabonyeza kitufe kimoja. Herufi ikatoweka. Haikuacha doa wala kovu.

"Mama, herufi imekwenda wapi?"

Alinitazama, akakitazama kioo, akanijibu kwa ukweli ambao namshukuru mpaka leo: "Sijui, mwanangu. Hata mimi nimejiuliza."

Mtoto akiambiwa na mtu anayemwamini kwamba jibu halijulikani, ama anaacha kuuliza, ama anaanza safari. Mimi nilianza safari. Kila likizo nilipita ofisini, nikasimama nyuma ya kiti chake, nikasikiliza flopi ikikwaruza ndani ya kasha. Baada ya miaka mitatu mashine ile ilizimika, wataalamu wakasema haifai, ikawekwa stoo juu ya mafaili. Ilipofika zamu ya kutupwa, mama aliomba kwa barua rasmi, akaruhusiwa. Barua hiyo aliipiga kwa taipu.

Nchi iliyoogopa mashine

Kuna sababu ya mtoto wa Tabora kuiona kompyuta kwa mara ya kwanza mwaka 1992. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Iliitwa ICT 1500, na ingawa iliuzwa na kampuni ya Uingereza, usanifu wake ulikuwa wa Marekani, wa mashine iliyojulikana kama RCA 301. Kufikia mwaka 1974 nchi ilikuwa na kompyuta saba tu. Wakati huo serikali ilikuwa imejaribu kuhamishia hesabu zake kwenye mashine kubwa zaidi, ya aina ya ICL 1900, na mradi ukaharibika kwa hasara. Mwaka huo huo wa 1974 ikatoka amri ya kuzuia uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake, pamoja na televisheni. Masharti yalilegezwa pole pole katika miaka ya 1980, na televisheni zilianza kurusha matangazo Tanzania Bara mwaka 1994. Ndiyo maana wale wazee wa bao waliona kioo wakadhani ni televisheni: hata hiyo ilikuwa bado ngeni.

Vijana ninaowafundisha huicheka amri ile. Mimi siicheki. Nchi ilikuwa imenunua kitu cha fedha nyingi ambacho wananchi wachache mno walijua undani wake, na kilipoharibika hapakuwa na wa kukifungua. Anayeuziwa kasha lililofungwa, likaja likamla, ana haki ya kufunga mlango. Nisichokubaliana nacho ni dawa iliyochaguliwa. Woga wa mashine hautibiwi kwa kuizuia bandarini, unatibiwa kwa bisibisi. Hilo silisemi kwa kuwa mimi ni mjuzi kuliko waliotutangulia. Nalisema kwa sababu fundi mmoja alinionyesha, nikashuhudia kwa macho yangu.

Punje kama ushanga

Fundi mwenyewe alikuwa mzee wa redio, mwenye kibanda cha mabati si mbali na stesheni. Maisha yake yote alitengeneza redio za betri na amplifaya za muziki wa dansi. Baba, aliyekuwa karani wa mizigo katika reli, ndiye aliyenipeleka kwake. Mzee aliizunguka kompyuta mara mbili bila kuigusa.

"Sijawahi kuifungua hii," alisema. "Lakini umeme ni umeme. Lete kiti."

Tulifungua skrubu tano za nyuma, tukavuta kasha. Ndani mlikuwa na vumbi jekundu na kiota cha nyigu wa udongo kilichobandikwa kwenye kona ya pawa sapulai. Tulisafisha kwa brashi ya rangi, kisha akaniambia niwashe. Feni ilishtuka nusu mzunguko, ikasimama. Tukarudia. Ikashtuka tena, ikasimama.

"Haijafa," mzee akasema. "Imekataa. Kuna kitu inakiogopa."

Leo naweza kueleza alichokiona. Pawa sapulai ya kompyuta hujipima yenyewe. Ikiona njia mojawapo ya umeme imegusana na ardhi, hujizima kabla haijaunguza kitu. Mzee akachukua mita yake ya mshale, akaweka ncha moja kwenye bati na nyingine kwenye njia ya volti 12. Mshale ukasoma sifuri. Akachomoa kadi moja moja, mshale haukuondoka hapo. Basi kosa lilikuwa kwenye madabodi yenyewe.

Juu ya bodi palikuwa na kapasita ndogo za rangi ya chungwa, umbo lake kama tone la maji, ukubwa wake kama ushanga. Ndani yake mna madini ya tantalamu. Kazi yake ni kusawazisha umeme usitikisike, na ugonjwa wake unajulikana na kila fundi wa kompyuta za miaka ya 1980: ikizeeka, au ikikaa muda mrefu bila umeme, hugusana ndani kwa ndani na kuwa kama waya. Mzee hakuujua ugonjwa huo kwa jina. Aliujua kwa kufuata njia. Alinyanyua mguu wa kapasita ya kwanza kwa pasi ya kulehemu, akapima, kimya. Ya pili, kimya. Alipoinua mguu wa ya tatu, mshale uliiacha sifuri taratibu, ukatulia mbali nayo.

Aliishika punje ile kwa koleo, akaniwekea kiganjani. "Mzigo wote huu," akasema, "umesimamishwa na hiki."

Tukawasha. Feni ikazunguka na kuendelea kuzunguka. Kioo kikapata moto, na kwenye kona ya juu namba za kijani zikaanza kupanda: 64, 128, 192. Mashine ilikuwa inahesabu kumbukumbu yake, chumba kwa chumba, kama mtu anayerudi nyumbani baada ya safari ndefu akaangalia kama kila kitu kipo. Ilipofika 640 ikalia mlio mmoja mfupi. Mzee wa redio alivua kofia.

Tarehe 1 Januari 1980

Mama aliniazima flopi ya kuanzishia. Mashine ikaisoma, kisha ikafanya jambo ambalo sikulitarajia. Iliniambia kwamba leo ni tarehe 1 Januari 1980, ikaniomba nisahihishe.

Kompyuta za kizazi kile hazikuwa na betri ya kutunza saa. Zikizimwa, zinasahau. Zikiwashwa, zinaanza kuhesabu siku tangu tarehe ambayo watunzi wa mfumo wake waliichagua kuwa mwanzo wa kalenda yao. Mimi nilizaliwa Aprili mwaka huo. Na siku hiyo ya Januari 1980 amri ya 1974 ilikuwa ingali inafanya kazi, kwa hiyo kila asubuhi mashine yangu iliamka ikijiona katika mwaka ambao bila kibali maalumu isingeshushwa melini Dar es Salaam. Ilibidi nikae nayo na kuiambia: hapana, tumeshapita hapo, leo ni siku nyingine.

Moyo wake ulikuwa chipu iitwayo 8088, yenye transista 29,000, ikipiga mapigo milioni 4.77 kwa sekunde. Simu iliyo mfukoni mwa msomaji ina transista kwa mabilioni. Lakini 29,000 ni idadi ambayo akili ya mtu inaweza kuizunguka. Zaidi ya hapo, mwaka 1981 IBM ilipotoa kompyuta yake ndogo, ilichapisha pia kitabu cha ufundi chenye michoro ya saketi na orodha nzima ya programu ya msingi inayoiamsha mashine. Kampuni nyingine zikakisoma na kutengeneza mashine zinazofanana nayo, na moja ya hizo ndiyo iliyofika Tabora. Miaka kadhaa baadaye nilipata nakala ya kitabu kile kwa fotokopi, kurasa nyingine zimefifia, nikakesha nayo. Kila waya ulikuwa na jina. Kila mlio ulikuwa na sababu.

Programu yangu ya kwanza niliiandika kwa lugha ya BASIC, iliyokuja kwenye flopi ile ile. Ilikuwa ya mistari sita. Ilijumlisha uzito wa mizigo ya behewa moja, kama baba alivyofanya kila siku kwa kalamu. Baba aliikagua kwa hesabu zake za mkononi, akakuta jumla ni ile ile. Hakusema neno. Kesho yake aliniletea daftari jipya la kaunta.

Njia ya marobota

Kukaa Tabora ni kukaa kwenye makutano. Kabla ya reli palikuwa na njia ya miguu kutoka Bagamoyo, kupitia Mpwapwa na Ugogo, hadi Unyanyembe, huku kwetu, kisha kuendelea Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Wasafiri wa Uingereza Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857, wakafika Kazeh, mji ulio sehemu ya Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Mizigo iliyopanda ilikuwa nguo za merikani na kaniki, shanga, na waya wa shaba nyekundu na ya njano. Iliyoshuka ilikuwa pembe za ndovu, na pamoja nazo watu waliofungwa minyororo. Hatuna ruhusa ya kuisimulia njia hii kwa sifa za biashara peke yake.

Wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa mabingwa wa kazi yao, walioijua njia na maji yake na misimu yake. Lakini robota walilolibeba lilikuwa limeshonwa. Lilifungwa pwani na lilifunguliwa na tajiri. Nimelifikiria sana jambo hili nikiwa nimeinamia madabodi. Mashine nyingi zilizotufikia kwa reli, kwa lori na sasa kwa ndege ni marobota ya namna hiyo: tunalipia, tunabeba, tunatumia, na mshono hatuugusi. Kompyuta kuukuu ndiyo robota la kwanza ambalo mtoto wa karani wa mizigo aliruhusiwa kulifumua, kwa sababu wenye mali walikuwa wamekwisha kuliacha.

Tabora haikosi mifano ya watu waliofumua walichonacho wakapata wanachokihitaji. Mwaka 1916, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani, watawala wa wakati huo, walikuwa wamezingirwa baharini na fedha haziingii. Karakana ya reli karibu na Tabora ikageuzwa kuwa kiwanda cha sarafu. Zilipigwa heller za shaba, na zikapigwa sarafu za dhahabu za rupia 15, zaidi ya 16,000, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Upande mmoja zina picha ya tembo na mlima nyuma yake, na zina herufi T, alama ya mji wetu. Septemba mwaka huo jeshi la Wabelgiji likaingia Tabora. Utawala ule haukuwa wetu, lakini vyombo vya karakana vilivyotengenezea treni vilionyesha kwamba vinaweza kutoa fedha. Fundi anayejua kilichomo ndani ya mashine hafungwi na kazi iliyoandikwa nje yake.

Njia hii imenifundisha pia subira. Mmisionari Livingstone alikaa Kwihara, mwendo mfupi kutoka mjini, tangu Machi hadi Agosti 1872 akingoja wapagazi ambao mwandishi wa habari Stanley aliahidi kumpelekea kutoka pwani. Miezi mitano. Nami nimewahi kungoja kibodi moja kutoka Dar es Salaam miezi minne, nikiulizia kila treni, mpaka wahudumu wa stesheni wakanijua kwa jina la kibodi.

Wenzangu walio mbali

Kwa miaka mingi nilidhani ni mimi peke yangu duniani mwenye maradhi haya. Kisha, intaneti ilipofika mjini, nikasoma habari za mashine ya Harwell Dekatron ya Uingereza, nikakaa kitini nikatulia.

Mashine hiyo ilikamilika mwaka 1951 katika kituo cha utafiti wa atomiki. Ina uzito wa tani mbili na nusu, na ilichukua sekunde kadhaa kuzidisha namba mbili, lakini ilifanya kazi usiku na mchana bila kuchoka. Mwaka 1957 ilipewa chuo kimoja cha Wolverhampton, ikafundishia wanafunzi hadi 1973, kisha ikawekwa kwenye makumbusho ya Birmingham. Huko aliiona kijana aitwaye Kevin Murrell, ikamkaa moyoni. Makumbusho yalipofungwa, mashine ikapotea machoni pa watu. Miaka mingi baadaye, Murrell akiwa mtu mzima, aliiona kwa bahati kwenye picha ya vifaa vilivyolundikwa stoo, akaitambua kwa paneli yake ya vitufe. Yeye na wenzake wa kujitolea waliihamishia Makumbusho ya Taifa ya Kompyuta yaliyoko Bletchley Park, wakaitengeneza kwa miaka mitatu, na Novemba 2012 ikawashwa tena. Ndiyo kompyuta ya kidijitali kongwe kuliko zote, yenye viungo vyake vya asili, inayofanya kazi.

Ninachokipenda katika habari hii ni ile picha. Mtu mwingine angeona rundo la vyuma chakavu. Yeye aliona uso wa rafiki wa utotoni. Kupenda kitu tangu utoto kunampa mtu macho ya namna hiyo, na macho hayo hayanunuliwi ukubwani.

Faili la mwalimu

Jibu la swali langu la mwaka 1992 lilinijia kwa njia ya mzee mwingine, mwalimu mstaafu aliyefika kwangu asubuhi moja ya kiangazi na bahasha ya khaki.

"Mwangaluka," alinisalimu Kinyamwezi, kisha akahamia Kiswahili. "Nimesikia una mashine inayosoma hizi."

Ndani ya bahasha mlikuwa na flopi tisa za inchi tano na robo. Katika miaka ya 1990 alikuwa ameazima kompyuta ya ofisi jioni, akaandika maneno na misemo ya Kinyamwezi aliyoikusanya kwa wazee wa Uyui na Urambo. Wengi wa wazee hao walikuwa wamekwisha kufariki. Daftari zake zililiwa na mchwa. Na flopi iliyokuwa na misemo, alisema akiangalia sakafu, aliifuta mwenyewe kwa makosa.

Flopi ya namna ile ni duara jembamba la plastiki lililopakwa unga unaoshika sumaku. Kila upande una njia 40 za mviringo, kila njia imegawanywa vipande tisa, na kila kipande kinabeba herufi 512. Jumla, kwa pande zote mbili, ni herufi 368,640. Kwenye njia ya kwanza kabisa, ya nje, mna orodha ya majina ya mafaili, kama jedwali la yaliyomo mwanzoni mwa kitabu.

Na hapa ndipo nilipolipata jibu. Ukilifuta faili kwenye mfumo wa DOS, mashine haiyafuti maandishi. Inakwenda kwenye orodha, inaondoa herufi ya kwanza ya jina la faili na kuweka alama mahali pake, kisha inaandika kwamba nafasi ile sasa iko wazi kwa mpangaji mwingine. Basi. Maneno yenyewe yamelala pale pale kwenye sumaku, hayasomeki kwa sababu tu hayaitwi tena. Yatapotea kweli siku kitu kingine kitakapoandikwa juu yake.

Nilisafisha ukungu kwa spiriti na pamba, nikaizungusha flopi kwa kidole ndani ya mfuko wake mpaka ikawa nyepesi, nikaiweka. Ilikwaruza kwa muda mrefu. Kisha ikatokea orodha, na ndani yake jina moja lisilo na kichwa: ISEMO. Programu ya kurejesha ikaniuliza herufi ya kwanza.

"Mwalimu, faili lilianza na herufi gani?"

"Emu," akasema. "Misemo."

Nikabonyeza M.

Yalirudi yote, zaidi ya herufi 41,000. Mwalimu alivaa miwani, akasogea hadi pua yake ikakaribia kugusa kioo, akaanza kusoma kwa sauti. Alisoma msemo mmoja akataja jina la mzee aliyempa, na kijiji chake. Akasoma mwingine, akataja jina jingine. Sikumkatisha. Tuliendelea hivyo mpaka adhana ya adhuhuri.

Mama alikuwa hai wakati huo. Jioni nilikwenda kumwambia: "Mama, lile swali la herufi nimelipata jibu." Alikumbuka mara moja, bila kuuliza herufi ipi. Nikamweleza kwamba kinachofutwa flopini hakiondoki, kinakosa wa kukiita tu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema hivyo ndivyo ilivyo hata kwa watu.

Kutunza

Kwa atakayetaka kuanza, haya ndiyo ninayoyajua. Hewa ya Tabora, mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, ni rafiki kuliko ya pwani. Mashine zinazotoka Dar es Salaam na Tanga huja na kutu ya chumvi, za kwetu huja na vumbi, na vumbi linapanguswa. Adui mkubwa ni betri ndogo zilizochomelewa kwenye madabodi za miaka ya mwisho ya 1980 na ya 1990. Zikizeeka huvuja maji yanayokula shaba, na utaona ukoko wa kijani umeenea kama kuvu. Ikate betri siku hiyo hiyo. Paka siki kwa mswaki, kwa kuwa uvujaji ule una magadi na siki huuzima, kisha osha kwa spiriti na uanike kivulini. Njia ya shaba iliyokatika iunge kwa uzi wa waya kutoka koili ya redio mbovu.

Usiwashe mashine iliyolala miaka kumi kabla hujaifungua na kuitazama. Usiweke flopi karibu na spika, kwa kuwa spika ina sumaku. Umeme unaopanda na kushuka una madhara kuliko giza, kwa hiyo weka stabilaiza, na mgao ukija pumzika. Na kitu chochote usichokijua, usikitupe. Kiandike jina, kiweke kwenye kopo.

Nina mashine 11 sasa, zote zilitolewa stoo za mji huu au za Nzega, Urambo na Kigoma. Nyingine zimekuwa viungo vya kuponyea wenzake. Wapo wanaoniuliza faida yake, wakati Mkongo wa Taifa wa mawasiliano umefika mjini na simu ya bei nafuu inazishinda zote kwa pamoja. Nawajibu kwamba simu hiyo imegundishwa kwa gundi. Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao, nami naongeza kwamba mbacha wangu naujua ulivyosukwa, ukili kwa ukili.

Jumamosi watoto wa mtaa huja barazani kwangu. Nawapa bisibisi na madabodi mbovu wafungue, wachore, watafute. Punje ile ya rangi ya chungwa ninayo bado, kwenye kopo la asali, na kila mtoto mpya huishika kwanza kabla ya kushika kitu kingine. Kisha tunawasha ile kompyuta iliyokuja kwa baiskeli. Inahesabu mpaka 640, inalia, inasema leo ni tarehe 1 Januari 1980.

Ningeweza kuiwekea kadi ya saa. Ninayo, ipo kwenye kopo la tatu. Sijaiweka, kwa sababu wanapokezana, Jumamosi kwa Jumamosi, na anayeshika zamu hukaa kitini mgongo umenyooka, akauliza wenzake tarehe kwa sauti, akaiandika namba kwa namba, akaikagua mara mbili ndipo akabonyeza. Wiki iliyopita zamu ilikuwa ya binti wa miaka tisa. Alikosea mwaka, akafuta, akaona namba imetoweka. Kidole chake kikabaki hewani juu ya kibodi.

"Mwalimu," akauliza, "ile imekwenda wapi?"

Nilivuta kiti, nikampa bisibisi.